Nani Amekagua?

Mlango wa kibanda cha Wanzala ulikuwa na kufuli mbili, zote kazi ya mikono yake mwenyewe. Sajini Nasipwondi alizifungua kwa funguo alizochukua kwa Wanzala Jumapili, pamoja na mshipi wake na kamba za viatu. Saa hizi mwenye kibanda alikuwa amekaa kwenye sakafu ya seli. Kesho saa tatu asubuhi angesimama kortini asomewe shtaka la mauaji.

Nje, Kawangware iliendelea na Jumatano yake, ila mafundi waliokuwa wakigonga mabati kibanda cha pili walinyamaza walipomwona. Mmoja akasema chinichini, "Amefungua." Hawakugonga tena mpaka alipotoka.

Simu ikalia. Alikuwa mkubwa wake, Inspekta Ogola.

"Uko wapi?"

"Kawangware, afande. Kwa Wanzala."

"Kufanya nini? Mtu amekuja kwa miguu yake, akasema ni mimi nimeua Osewe, akatia sahihi. Unataka nini tena, akuimbie?"

"Nataka kuelewa kitu kimoja kabla ya kesho."

"Nasipwondi, hebu nikwambie." Ogola alishusha sauti. "Huyo Wanzala ni wa kwenu. Marehemu ni wa kwetu. Mama yake amekaa hapa kwa benchi tangu asubuhi, anataka jina la mtu aliyemuua mwanawe, na jina tunalo. Ukianza kuzungukazunguka, watu watasema nini?"

"Watasema nazungukazunguka, afande."

Ogola akakata simu.

Iliuma, tusidanganyane. Miaka kumi na mmoja kazini na bado mtu anakupima kwa jina la babako. Nasipwondi alitia simu mfukoni, akavaa glavu, akaanza na rafu ya juu.

Taarifa ya Wanzala alikuwa ameishika kichwani, maana ilikuwa fupi. Ijumaa jioni nilitoa pini ya shaba kwa ngoma nikaweka bolti ya chuma. Jumamosi tiara ikavuta, bolti ikakataa kukatika, ngoma ikang'oka ikamgonga Osewe. Ni mimi nimemuua. Basi, hakuna zaidi.

Tangu Jumamosi Nasipwondi alikuwa amejifunza habari nyingi za upepo kuliko alivyotaka. Watu wanne wa mitaa hii walikuwa wamebuni mtambo wa stima usio na mnara. Tiara ya kitambaa, kubwa kama shuka nne, inarushwa juu na kuvuta kamba. Kamba inazungusha ngoma ya chuma iliyofungwa chini, ngoma inazungusha jenereta. Kamba ikiisha, tiara inalegezwa, kamba inarudishwa, na kazi inaanza upya. Wazo lilikuwa la Osewe, na yeye ndiye aliyeirusha. Adhis, fundi cherehani wa Gatwekera, aliishona. Wanzala alichomelea ngoma. Eugene, mtu wa kompyuta anayekaa mtaa wa Olympic, alitengeneza kisanduku cha kuiamrisha.

Upepo ukizidi, walikuwa wameweka kinga tatu. Mvuto ukifika kilo mia na ishirini, kisanduku kinailegeza tiara. Kisanduku kikikataa, kuna mshono kwenye mkanda wa kamba, umeshonwa dhaifu makusudi, unafumuka. Mshono ukikataa, pini ya shaba inakatika na ngoma inazunguka bure. Osewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba moja ikilala, mbili ziko macho.

Hapo ndipo roho ya Nasipwondi ilipokataa kutulia. Wanzala alilaza moja. Zile mbili zilikuwa wapi?

Pini ya shaba aliikuta ndani ya mkebe wa misumari, imefungwa kwenye kitambaa safi. Ebo! Muuaji gani anatunza ushahidi kwenye kitambaa safi? Akaiweka juu ya meza, kisha akatoa mkobani mfuko wenye ile bolti na kuziweka bega kwa bega.

Bolti ilikuwa na nyuzi mbili shingoni, bluu na manjano. Huo ulikuwa utaratibu wa kikosi hicho cha watu wanne, na hakuna mtu Kambi Muru, mtaa walikorushia tiara, asiyeujua: aliyetengeneza hakagui kazi yake. Anafunga uzi wa rangi yake, halafu mwingine anakagua na kufunga wa kwake juu. Adhis nyekundu, Wanzala bluu, Eugene kijani. Manjano ilikuwa ya Osewe, naye ndiye aliyekagua karibu kila kitu. Kabla ya kurusha, alisimama kando ya ngoma akapaza sauti, "Nani amekagua?" Kila fundi alitazama kiungo chake na kutaja rangi ya mkaguzi. Kiungo kisicho na rangi mbili hakikuruka.

Nasipwondi aliisogeza bolti karibu na dirisha. Uzi wa bluu ulikuwa safi, mpya kutoka dukani. Wa manjano ulikuwa mweusi kwa grisi ya zamani, na ulikuwa na kikunjo cha fundo lingine, mahali pengine. Bolti ya juzi, uzi wa miezi. Akachukua pini, akaona kwenye shingo yake alama mbili nyembamba mahali nyuzi zilipokuwa zimekaa.

Kumbe Wanzala hakubadilisha pini peke yake. Alifungua ukaguzi wa Osewe kutoka kwenye kitu kimoja akaufunga kwenye kingine. Na Osewe Jumamosi asubuhi aliona rangi yake, akaamini.

Usiku wa Jumapili askari wa zamu alimwambia kwamba Wanzala hataki kulala, anaziba masikio kwa viganja na kusema, "Ananiuliza. Bado ananiuliza." Askari alidhani ni maigizo. Nasipwondi sasa alijua swali lenyewe lilikuwa lipi, na akatamani asingelijua.

* * *

Alifika Kambi Muru saa kumi kasorobo. Karakana ya kikosi ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya uwanja wa shule, uwanja uleule ambao kwenye nyasi zake bado kulikuwa na mfereji mahali ngoma ilipoburuzwa. Hakuna mtoto aliyekuwa akicheza hapo. Mama muuza mboga alimwangalia Nasipwondi, akaangalia mbingu, akaanza kukusanya sukuma zake.

"Mama, mbona mapema hivyo?"

"Saa kumi haijafika, madam. Ikifika utajua mwenyewe. Mimi siwezi kaa hapa nikisikiliza marehemu wa watu akilia."

Ikafika. Upepo wa alasiri ulipanda kutoka bondeni, na mlio ukaanza: mrefu, wa chini, hauna mdomo unakotoka. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mtu ndani ya nyumba fulani akaanza kuomba kwa sauti. Nasipwondi hakuwa mtu wa mizimu, lakini tiara ilikuwa imefungiwa stoo ya kituo na kamba yake pia. Kitu gani kililia?

Alipiga moyo konde akazunguka nyuma ya karakana. Kati ya pembe ya paa na nguzo ya mbali kulikuwa na kamba nyembamba nyeupe, imenyooshwa kabisa, imening'inizwa jiwe mwishoni. Akaishika. Mlio ukakatika. Yule aliyekuwa akiomba naye akanyamaza ghafla, mtaa mzima ukawa kimya. Akaiachilia, ukaanza tena.

"Hiyo ni ya tiara ya pili," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake. "Kila kamba mpya wanainyoosha wiki nzima kabla ya kuitumia. Hii aliitundika Osewe mwenyewe."

Alikuwa Muigai, suti ya kijivu, viatu vilivyokwisha kuharibiwa na matope ya njiani. Kampuni yake ndiyo iliyoahidi kukipa kikosi kiwanja kikubwa nje ya jiji, ikiwa tiara ingekaa angani dakika ishirini bila kuanguka. Majirani wawili walikuwa wamemwona Ijumaa jioni akitoka karakanani peke yake, na Nasipwondi alikuwa amemwita aje aeleze.

"Ulikuwa unatafuta nini humu ndani?"

"Picha, madam. Osewe aliniachia mlango akaenda kununua maandazi. Bodi yetu inataka kuona kila kitu."

"Na kamba, na ngoma, ulizigusa?"

"Haki ya nani, sijagusa." Alichomoa simu mfukoni. "Mimi ndio nilikuwa nataka ifaulu kuliko mtu yeyote. Nitaangushaje kitu nilichopigania mwaka mzima? Hizi hapa picha, angalia na saa."

Nasipwondi alichukua simu. Picha kumi na tisa, zote za Ijumaa, ya mwisho saa kumi na moja na dakika nane. Pini ya shaba ilikuwa mahali pake. Kwa hiyo Muigai alitoka kila kitu kikiwa salama, na mchezo ulichezwa baadaye. Alikuwa karibu kumrudishia simu alipofika picha ya kumi na nne: mkanda wa kamba, mkunjo wake, mistari mitatu ya uzi mwekundu, na juu ya mistari hiyo, mshono mfupi wa manjano wa mkaguzi.

Akatoa mkanda wenyewe kutoka mkobani. Akahesabu. Akahesabu tena kwa ukucha.

Mistari ilikuwa sita. Mitatu ilipita chini ya manjano, kama kwenye picha. Mitatu ilipita juu yake.

"Kuna nini?" Muigai akauliza.

"Mkaguzi anashona mwisho," Nasipwondi alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Hapa fundi ameshona baada ya mkaguzi." Akafungua picha ya kumi na saba, kisanduku cha Eugene, kifuniko kimefungwa kwa uzi wa kijani na wa manjano. Akaitazama kwa muda mrefu. "Nitumie zote. Na usisafiri."

* * *

Chumba cha Adhis kilikuwa cha nne kutoka kwenye bomba la maji, Gatwekera. Cherehani yake ilikuwa imegeuzwa ikatazama ukuta, na juu yake kumetupwa leso. Binti yake wa miaka mitano alikuwa amelala kitandani. Adhis mwenyewe alisimama mlangoni, akamwona Nasipwondi na kile alichoshika, akarudi nyuma mpaka kiuno kikagonga meza.

"Umegeuza cherehani," Nasipwondi alisema.

"Ikinitazama siwezi kukaa humu ndani."

"Mshono huu ulikuwa mistari mingapi?"

"Afande..."

"Mingapi, dada?"

"Mitatu." Adhis alianza kulia bila sauti. "Mitatu inafumuka vizuri. Tulijaribu na mawe miezi miwili mpaka tukajua. Nyasaye, Mungu wangu, mimi ndio niliongeza."

"Lini?"

"Ijumaa, saa mbili usiku hivi. Kila mtu ana ufunguo wa karakana. Nilipeleka hata sindano kubwa."

"Kwa nini?"

Adhis aliketi kitandani miguuni pa mtoto. Akaeleza polepole, akijifuta kwa kiganja. Jumamosi ya wiki iliyotangulia walikuwa na wageni. Tiara ilianguka mara tatu. Mara mshono, mara kisanduku, mara pini. Mgeni mmoja akacheka, akasema hata watoto wake wana kaiti ya karatasi inayokaa juu zaidi. Osewe alicheka naye. Halafu wageni walipoondoka, akaenda nyuma ya karakana.

"Nilimfuata kumpelekea chai. Nikamkuta analia, afande. Mtu mzima, ameegemea mabati analia. Nikarudi na chai yangu. Sikumwambia nimemwona, sikumwambia mtu."

"Ukaona ufanye mshono usifumuke."

"Kwa siku hiyo moja tu! Muigai aone dakika ishirini, jioni nifumue. Ningemwambia Osewe angekataa, unajua alivyokuwa. Na nilijua pini iko. Nilijua kisanduku kiko. Si ziko tatu?" Alimwangalia Nasipwondi kama anayeomba jibu. "Si ziko tatu, afande? Kwa nini zile zingine hazikufanya kazi?"

Nasipwondi aliukunja mkanda. "Wanzala yuko seli siku ya nne. Ulijua?"

"Najua. Ananificha." Adhis aliinamisha kichwa. "Lazima aliona mshono akajua ni mimi, na akakumbuka niko na mtoto. Kila asubuhi natoka nije niseme. Nafika pale barabarani, miguu inakataa, narudi. Usiku Osewe ananiuliza. Ananiuliza polepole tu, si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningeweza."

"Vaa sweta," Nasipwondi alisema. "Mpeleke mtoto kwa jirani, tutapita mahali kwanza."

* * *

Eugene alifungua mlango kabla hawajabisha. Nyumba yake ya Olympic ilikuwa ghorofa ya pili, pazia zimefungwa mchana kweupe, na ndani kulinuka mtu ambaye hajatoka kwa siku nyingi. Alipomwona Adhis nyuma ya askari, alirudi hatua moja.

"Niaje, Adhis," alisema. Adhis aliingia akasimama kando ya mlango.

Kisanduku kilikuwa kwenye mfuko wa ushahidi. Nasipwondi alikiweka juu ya meza, akaelekeza tochi kwenye kifuniko. Uzi wa kijani ulikuwa mzima. Wa manjano ulikuwa na doa dogo linalong'aa katikati.

"Hiyo ni gundi," alisema. "Uzi ulikatwa, ukaunganishwa. Picha ya Ijumaa saa kumi na moja haina doa."

Eugene alicheka kicheko kibaya, kisha akakaa chini. "Nilijua mtakuja. Manze, nimengoja mpaka nimechoka."

"Ulibadilisha nini?"

"Namba. Ilikuwa mia na ishirini, nikaweka mia na themanini." Alizungumza kwa haraka, kama mtu anayetapika. "Buda Osewe alikuwa ameumia sana ile siku ya wageni, madam. Nilimwona nyuma ya karakana. Nikasema nitampa dakika ishirini zake, halafu nirudishe. Mshono wa Adhis ungefumuka, pini ya Wanzala ingekatika. Nilikuwa na uhakika, nilipiga hesabu mara kumi! Kisha nikasikia Wanzala amejipeleka kwa polisi. Msee anabeba kesi yangu. Na mimi nimejifungia hapa kama panya."

"Eugene," Adhis alisema. "Umesema ulibadilisha?"

"Ngoja," Nasipwondi alimkatiza. Alikuwa ameona kompyuta iliyowashwa kwenye kona, na juu yake mstari wa sauti uliosimamishwa katikati. "Hicho unachosikiliza ni nini?"

"Kisanduku kinarekodi kila mruko, kinanitumia hapa. Hiyo ni ya Jumamosi."

"Cheza."

"Madam, tafadhali."

"Cheza mwanzo tu."

Eugene alibonyeza. Upepo kwanza, kisha kengele ya shule, kisha sauti ya Osewe, changamfu, sauti ya mtu aliyeamka vizuri: "Haya jameni, nani amekagua?"

Ilifuata nafasi. Nasipwondi alitazama sekunde zikienda kwenye kioo. Moja. Mbili. Ndipo Adhis akasikika akisema, "Manjano." Kimya tena. Wanzala: "Manjano." Kimya, kirefu kuliko vyote. Eugene: "Manjano."

"Sawasawa," Osewe alisema. "Kama ni mimi, basi tuko salama." Akacheka.

Adhis aliziba mdomo kwa sweta. Eugene akazima. Ndani ya chumba hicho hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea, hata Nasipwondi, ambaye alikuwa ameshika kalamu na kusahau ni ya nini. Aliogopa. Hakuogopa maiti hata siku moja maishani, lakini aliogopa kicheko kile.

Alipopata sauti yake alisema, "Twendeni. Nitawaeleza mbele ya Wanzala, mara moja tu. Sitaweza mara mbili."

* * *

Seline, mama yake Osewe, alikuwa bado kwenye benchi la kituo, mkoba magotini, leso kichwani. Alimtambua Adhis, akamshika mkono kwa upendo, akamwita binti yangu. Adhis akautoa mkono wake.

"Tunaingia kule ndani," Nasipwondi alimwambia Seline. "Ukitaka kusikia, ingia. Ila si jambo rahisi, mama."

"Rahisi nilishamaliza," Seline alisema, akasimama.

Ogola alikuwa tayari kufoka. "Sajini, huwezi kuingiza familia kwenye..." Kisha akamwona Seline machoni, akasogea kando, akamtuma askari amlete Wanzala.

Wanzala aliingia akishikilia suruali isiyo na mshipi. Alipowaona wenzake aligeuka kutaka kurudi. "Afande, hawa umewaleta za nini? Nilishasema ni mimi. Si niliandika?"

"Kaa."

Nasipwondi alipanga mezani vitu vitatu: bolti, mkanda, kisanduku. Hakufanya haraka. Kando ya kila kimoja aliweka picha ya Muigai ya Ijumaa, ili hata Ogola aone kwa macho yake.

"Wanzala, wewe ulibadilisha pini Ijumaa saa ngapi?"

"Saa moja jioni. Nilimwona Osewe analia siku ile. Nikasema kwa siku moja pini isimwaibishe. Mshono wa Adhis ulikuwepo, kwa hivyo..." Alikunja ngumi. "Ulikuwepo! Sijui kwa nini haukufumuka. Najiuliza usiku na mchana."

"Adhis," Nasipwondi alisema.

Adhis alikuwa akitazama picha ya pini. Kisha bolti. Kisha picha tena. "Niliushona mara mbili," alisema. "Saa mbili. Wewe ulikuwa umetoka tu."

"Eugene."

"Saa tano. Niliongeza kipimo." Eugene hakuinua uso. "Nilikuwa nategemea nyinyi wawili."

"Mimi nilitegemea wewe," Adhis alisema.

Ogola alichukua bolti, akaigeuza chini ya taa, akaiweka. Aliuliza kwa sauti isiyo ya ukubwa, "Walipanga pamoja?"

"Hapana, afande. Wangepanga pamoja wangejua hakuna kinga iliyobaki. Kila mmoja alikuja peke yake, na kila mmoja aliondoka akiacha uzi wa marehemu mahali pake, akiamini zile mbili ziko macho. Muigai hakugusa kitu. Osewe alikagua rangi, na rangi zilikuwa zake kweli." Akamgeukia Ogola. "Kuna makosa hapa, na watayajibu. Mauaji ya kukusudia hayapo."

Ogola akalivuta faili lililoandikwa jina la Wanzala, akatoa karatasi ya mashtaka ya kesho, akaikunja mara mbili. "Nitazungumza na kiongozi wa mashtaka leo leo," alisema. "Na yale maneno ya kwenye simu, sajini, niliropoka."

Wanzala hakusikia hata neno. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa mahali ambapo hakujua ana mwili.

"Kwa hivyo mmoja wetu angefungua mdomo," alisema. "Mmoja tu. Angesema, jameni, mimi nimefanya hivi."

"Wanzala, acha," Adhis alisema.

"Tungecheka. Tungemcheka siku nzima, tufumue, turudishe, turushe. Ianguke mara kumi. Osewe angekuwa hapa." Sauti ikakatika. "Tungecheka, Adhis."

Hapo wote watatu walilia, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kumshika mwingine. Nasipwondi alitazama dirishani.

Seline alisogea mezani akavigusa vile vitu kwa kidole, bolti, mkanda, kisanduku, kwa uangalifu, akiogopa kuviharibu. Akamtazama Wanzala, aliyekula kwake kila Jumapili. Akamtazama Adhis, aliyemshonea nguo ya kanisani. Akamtazama Eugene, aliyemzawadia simu ya mkononi.

"Ijumaa alfajiri gari linampeleka mwanangu nyumbani," alisema. "Kila atakayeingia matangani ataniuliza ni nani. Shangazi zake wataniuliza. Nimekaa kwenye benchi hilo siku nne nikingoja, ili nimpate mtu, nimchukie, nipate nguvu ya kusimama kaburini." Alivuta leso ikamfunika paji la uso. "Sasa mmenipa watatu, na wote ni watoto wangu. Mimi nitasimama na nini?"

Ogola aliinuka akamvutia kiti. Seline hakukaa.